Nauli

Miaka thelathini na mmoja Denzil Trembath
aliendesha basi la Penzance hadi Truro,
na hakumpandisha mtu aliyepungukiwa hata senti.
Kanuni ni kanuni, alisema,
na mlango ukajifunga kwa pumzi ndefu.

Kisha Lowena akaugua.
Usiku ukawa mrefu kuliko barabara yoyote aliyoijua.
Shirika likamleta muuguzi, usiku baada ya usiku,
akakaa kando ya kitanda akifuma soksi ya kijivu
ili Denzil apate walau saa nne za usingizi.
Hakuna aliyemletea ankara.

Ndiyo maana leo, miaka sitini na tisa ikimlia magotini,
ametoka ncha ya kusini ya Uingereza
na kopo la biskuti lililotobolewa kifuniko,
anaifuata ncha ya kaskazini kwa miguu,
yeye ambaye hata dukani alikwenda kwa gari.

Asiyekujua hakuthamini, husemwa.
Haya, sikilizeni.

Bodmin, mvua ya ubavu. Gari likasimama,
mwanamke akashusha kioo, akatoa mwavuli,
akaondoka kabla asante haijamfikia.

Devon, malengelenge yakapasuka.
Mfugaji Hext, mtu wa maneno machache kama meno yake,
akamlaza chumba cha juu ya zizi.
Siku ya kwanza, mchuzi wa kondoo.
Siku ya pili, mchuzi uleule.
Siku ya tatu akamkabidhi ndoo:
wanakondoo wawili yatima, kawanyweshe.
Denzil akacheka hadi machozi,
akajua amepona.

Wolverhampton alivua viatu mlangoni mwa hekalu la Masingasinga,
akaketi sakafuni, safu moja na wanafunzi,
vikongwe, na mlevi mmoja aliyesinzia.
Dengu za moto, chapati za moto.
Aliyepakua hakumuuliza jina.
Alipochomoa pochi, Harbhajan Kaur
akamwonyesha masufuria kwa kidevu:
"Ukitaka sana, osha."
Akaosha kumi na saba.

Preston, mtoto mwenye pengo
akatumbukiza koponi sarafu aliyolipwa kwa jino lake.
"Bado ninayo mengine," alisema.

Na Shap, mlimani, ukungu mzito kama uji,
barabara haina ukingo, lori likapunguza mwendo.
Dereva Mpolandi, Zbigniew, akafungua mlango: panda.
Denzil akatikisa kichwa. Niliahidi kutembea.
"Basi tembea."
Kwa maili mbili lori la tani arobaini
likamfuata nyuma, taa zikipepesa,
polepole, kama ng'ombe anayesindikiza ndama.
Nyuma yao magari yakapiga honi.
Zbigniew hakusikia kitu.

Lanark mtu alimwita tapeli, akambamizia mlango.
Hilo nalo liandikwe.

Siku ya themanini na mbili, ncha ya kaskazini:
nguzo moja, upepo, bahari rangi ya bati.
Hakuna aliyemngoja.
Wapenzi wawili wakamwomba awapige picha.
Akawapiga, mara mbili, maana ya kwanza ilitikisika.

Jioni alipanda basi la Inverness, nauli mkononi.
Dereva, kijana wa juzi tu, akatazama viatu,
akatazama kopo,
akaifunika mashine ya tiketi kwa kiganja.
"Kaa, mzee."

Denzil alikaa kiti cha mbele.
Ndipo alipomwona, baada ya miaka yote ile,
yule mama wa Camborne, Novemba, na mfuko wa viazi,
aliyepungukiwa senti kumi;
alivyokuwa akipungua, akipungua,
ndani ya kioo cha pembeni.

Alifungua mkono.
Sarafu zilikuwa zimelowa jasho,
na hakujua azirudishe kwa nani.