Mshumaa wa Kumi na Moja

Tu wanawali foleni, wima tulivyosimama,
Mikono juu kichwani, hatuthubutu kuhema,
Bwana arusi katini, kipusa akimwandama,
Hadi jua dirishani, tuyeyuke tukizama.

Hivyo. Nane kwa nane, bila guni.
Kila Februari, hapa Riga, Binti wa Nta alicheza,
na kila Februari akayeyuka kwa ajili ya mwanamume
aliyesahau kufunga dirisha.
Nami, miaka kumi na tisa,
mshumaa wa kumi na moja kutoka kushoto,
dakika kumi na nne bila kupepesa,
nikikitazama kisogo cha Vizma,
kovu lake dogo chini ya nywele,
nikihesabu: mkate mweusi, bili ya joto,
viatu vya Ansis vimembana tena,
na ndani ya goti kitu kama punje ya mchanga
kikiniita kwa jina.

Kisha akaja Madara Strautmane,
sweta ya babake, pua ya mafua,
miaka ishirini na tisa yote kwa jumla.
Hakuwatazama wapenzi wawili.
Aliketi sakafuni katikati yetu na daftari,
akauliza: mkisimama pale, mnawaza nini?

Tulicheka. Nani huuliza mshumaa?

Mwalimu Skaidrīte, ambaye kila hatua ya zamani
imehifadhiwa mwilini mwake kama nguo sandukuni,
aligonga fimbo.
"Hapa hapana wazo. Hapa pana mstari."
Akatoka, akauacha mlango wazi,
baridi ya mto Daugava ikaingia na kukaa kwenye kiti chake.

Vizma alijibu kwanza: "Mimi huwaza mkojo."
Halafu Marika, polepole,
jinsi simu ilivyotetemeka ndani ya mkoba
chumba cha kuvalia, sehemu ya pili ya onyesho,
mamake akifa kule Liepāja,
naye huku, nta, akitabasamu.
Hakuna aliyecheka tena.
Mimi nilisema: goti.
Madara akaandika goti.

Siku ya pili aligeuza jukwaa.
Wapenzi wakapelekwa nyuma, wadogo kama mapambo ya keki,
sisi mbele kabisa, ukingoni mwa taa,
jasho letu likionekana, na plasta vidoleni.
"Mkono ukichoka, ushuke," alisema.
"Ukitaka kutetemeka, tetemekeni."
Miaka kumi na tisa nimejifunza kuficha mtetemo;
kuufichua kulinichukua majuma matano
na kilio kimoja, bafuni, bomba likiwa wazi.

Usiku wa kwanza, mzee wa safu ya tatu
alinyanyuka na koti lake zito,
akapita akikanyaga vidole vya watu, akinung'unika:
turudishieni lililo letu.
Sikumlaumu. Lilikuwa lake kweli;
labda alimposa mkewe chini ya mishumaa ile.

Kisha, kimya kilipofika mahali pake,
sauti ya mtoto, wazi kama kijiko kikianguka:
"Bibi, yule mbona anatetemeka?"
"Amechoka."
"Basi si akae?"

Alfajiri ya taa ikaja, ya njano, ya bandia.
Zamani tuliyeyuka pamoja, kwa hesabu moja.
Sasa kila mmoja kwa wakati wake:
Marika kwanza, kama aliyeitwa,
Vizma kwa madaha, kwa sababu Vizma ni Vizma,
wengine, wengine,
nami nikabaki wima, peke yangu, mikono juu,
ukumbi mzima ukinitazama.

Kesho yake gazeti liliandika: uasi.
Haukuwa uasi. Goti lilikataa kukunjika.

Nyuma ya pazia nilimkuta Skaidrīte,
aliyeapa kwamba hatakuja,
amepiga magoti na chupa ya dawa ya kuchua.
Alichua bila kuniangalia usoni,
vidole vigumu, harufu ya kafuri,
moja, mbili, tatu, hadi nane, tena moja.

"Mwaka wa themanini na tatu," alisema,
"nilikuwa wa saba kutoka kulia."
Akaongeza dawa kiganjani.

"Supu," alisema. "Ya bitiruti.
Dakika zote kumi na nne."