Rejareja

Jumanne usiku, darasa la wageni, Grimsby.
Vidole vyetu bado vinanuka chewa wa kiwandani,
hata baada ya limau, hata baada ya sabuni ya mafundi.
Bibi Cawthorne ameandika kitenzi ubaoni,
kirefu, na tumboni mwake amekaa jenerali.
Bogumił alimwona jenerali huyo tu,
akasimama, akapiga saluti.

Siyo vita, akasema mwalimu. Ni kujumlisha.
Unaona wachache, unasema wote.

Akaanza na maana ya heshima, ya watu wa maabara:
pasua kichwa cha chewa, utakuta vijiwe viwili masikioni.
Pasua cha pili. Pasua cha kumi.
Wa kumi na moja utamsimulia habari zake
kabla kisu hakijamgusa.
Bila kitenzi hiki, akasema,
kila asubuhi ungeshika jiko upya
ili ujue kama moto unachoma.
Tukaandika. Hilo lilitupendeza.

Kisha matumizi. Hupenda kutembea na kikanushi,
kama mbwa na mnyororo wake: usijumlishe, haifai kujumlisha.
Waingereza, akasema, hukitumia kuomba radhi
kabla ya kosa: sipendi kujumlisha, lakini.

"Waingereza wote?" akauliza Bogumił.
Chaki ikasimama hewani.
Bibi Cawthorne alicheka hadi miwani ikamvuka.

Mimi sikucheka. Lakini ile naijua.
Bwana Thirkell aliisema mlangoni, funguo mkononi,
chumba nyuma yake kikiwa kitupu, kina dirisha:
sipendi kujumlisha, lakini ninyi hamkai, ninyi mnapika usiku,
ninyi.
Nilikuwa peke yangu kwenye ngazi, na begi moja.
Niligeuka nyuma kuwatafuta wenzangu.

Daiva ndiye aliyenyoosha mkono, Daiva asiyesema kitu,
kuuliza mbona kitabu hakina maana ya hospitali.
Daktari alimtamkia neno hilohilo, polepole, mara mbili:
usaha ulianzia kwenye jino la baba yake.
Jino moja. Alilisukuma kwa ulimi, akasema litapona.
Siku ya nne ulikuwa mwili mzima,
na yeye si mzima tena.

Mwalimu aliandika maana hiyo chini kabisa ya ubao,
kwa herufi ndogo, pale ambapo kifutio hakifiki vizuri.
Kazi ya nyumbani: sentensi moja, yako mwenyewe.

Saa kumi na moja alfajiri, ukanda unaanza kwenda.
Kazi yangu ni pua. Nainua, nanusa,
huyu kulia, huyu ndoo ya taka.
Wanaosema samaki mmoja akioza wameoza wote
hawajawahi kulipwa kwa saa
kuwanusa mmoja mmoja.
Bwana Thirkell anauza watu kwa jumla;
mimi hata samaki nampokea rejareja.

Ingawa, niseme kweli,
saa nne mgongo ukianza kuuma
huwa natamani kusukuma kreti zima kulia
na kwenda kunywa chai.
Juzi nilisukuma moja.

Sentensi yangu bado sijaiandika.
Wa mia nne na tatu nimemnusa: mzima.
Wa mia nne na nne anakuja,
mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa.
Sijui bado.