Mayai ya Mbeleje

Siku ya kumi na tisa tangu turudi Chikola.
Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua kumi na moja,
nilizipima kwa nyayo zangu, wewe umelala.
Jana ulifika ya nne
ukasema nyumba imerefuka.

Daktari aliinyanyua picha dirishani:
shingo ya paja imekatika kama bua la mtama
lililosahaulika shambani mpaka Oktoba.
Akatia chuma. Chuma kitashika, akasema,
ila nyama ya kukifunika
haimo kwenye kabati langu.
Kisha akaniuliza mimi, si wewe, mimi:
"Mzee, mama huyu huwa anakula nini?"

Nikafungua kinywa.
Miaka arobaini na sita nimekula mkononi mwako
na jibu sikuwa nalo.

Najua firigisi ilikuwa yangu,
mapaja ya wageni, mgongo wa watoto.
Najua mayai yalikwenda mnadani
yakarudi madaftari, yakarudi sare,
yakarudi mafuta ya taa.
Wewe ulikwangua chungu cha mlenda
umetupa mgongo,
nasi tukidhani unaosha vyombo.

Mfupa ulikuwa unaona.

Sasa mpishi ni mimi.
Sechelela, yule binti wa mazoezi ya viungo,
aliandika nyuma ya boksi la dawa:
Yai, kila siku. Kunde au karanga, kila siku.
Maziwa, kikombe. Asilale mchana kutwa.
Mstari wa mwisho kaupigia kalamu mara mbili.
Nimelibandika ukutani kwa ugali.

Uji wangu wa uwele una madonge,
unaunywa umefumba macho kama mwarobaini.
Natwanga karanga, majirani wanasimama njiani:
mwanamume na mchi!
Mbukwa, nawaambia, mbukwa,
naendelea kutwanga.

Fundi Lungwa amekikata kile kitanda cha chuma
alichofia mama yangu,
akakichomelea upya, akakivisha soli za tairi.
Kitanda kimesimama, kimekuwa cha kutembelea.
"Miwili yangu na minne ya hiki," ukasema,
"nimekuwa siafu."
Hata hivyo ulikishika.

Lakini juzi, nikitandika,
nikakuta yai chini ya mto,
la kuchemsha, limefungwa kwenye leso,
la Chibago mjukuu wako, akitoka shule.
Sikukasirika.
Hapana, nilikasirika.
Nilisema neno ambalo tangu tuoane sijalisema,
nikatoka nje nikasimama kwenye upepo wa Julai
mpaka vumbi likanijaa machoni,
nikarudi nikiwa na kisingizio.

"Mtoto anakua," ukasema.
"Na mfupa unaunga, Mbeleje.
Nao ni mtoto. Nao unalia usiku, nausikia."
Ukalimenya taratibu.
Ukala ukiutazama ukuta,
kama mtu anayeiba.

Leo asubuhi hukuniita.
Nilisikia soli za tairi, kisha kimya,
soli, kisha kimya.
Nne. Tano. Kwenye ya saba ulimtaja Mungu
kwa sauti ambayo si ya kusali.
Kumi na moja.
Nikangoja uguse fremu ya mlango, ugeuke.

Hukugeuka.
Ukaivuka ile ngazi ya tope, mguu mzima kwanza,
kama ulivyofundishwa,
ukaenda hatua ambazo sikuwa nimezipima
mpaka kwenye tundu la kuku.
Ukasimama hapo unatetemeka, jasho shingoni,
ukahesabu kwa midomo.

"Tetea wawili tu ndio wanaotaga,
na yule mweusi anaatamia.
Yai moja kwa siku, ndilo hilo ninalokula."
Ukanigeukia, polepole, wewe na miguu yako sita,
ukanitazama kola ya shati
ilivyokuwa pana shingoni mwangu.
"Na wewe, mzee, huwa unakula nini?"

Nikafungua kinywa.
Ndani, mlenda ulikuwa unafurika motoni.
Nikakimbia.