Mkia wa Mraba

Picha ya kwanza: uzio.
Ya pili: uzio, na tawi linalotikisika.
Ya tatu ni kidole changu.
Ya nne ina mkia, yaani robo ya mkia,
ukichomoka nje ya picha kama mdeni
aliyeuona mlango wa nyuma.

Hivyo ndivyo nilivyoanza, Oktoba,
mwaka niliostaafu kiwanda cha karatasi cha Thunder Bay,
na kamera ya kuazima kwa shemeji yangu Taras,
na ua wa nyuma wenye msonobari mmoja,
kamba ya nguo, na kibanda cha mbegu za ndege
ambacho si changu. Ni cha Lempi, jirani,
ila kinaning'inia upande wangu
tangu tawi lake livuke uzio bila kubisha hodi.

Kipanga mwenyewe kidogo tu.
Dume halimfikii njiwa,
miguu njiti za kiberiti,
jicho la manjano lisilo na salamu.
Kitabu kinasema wako wawili, mtu na binamu yake,
mavazi yaleyale, tabia ileile:
mmoja mkia umekatwa mraba,
mwingine umeviringwa kama ukucha.
Halyna, mke wangu, alivaa miwani,
akapitia picha mia mbili na kumi na tatu,
akasema, "Huyu ni wa aina ya tatu.
Anaitwa Ukungu."

Shida ni kwamba haji. Anakuwapo.
Shomoro wanajua kabla yangu:
ghafla kimya, kimya nilichokisikia
siku walipozima mashine namba nne
tukabaki tumeshika kofia zetu.
Kigong'ota kagandamana na shina, hapepesi.
Nikaacha kumtafuta ndege.
Nikawa natafuta kimya.

Lempi hamtaki. "Nalisha chiriku," anasema,
"silishi wauaji."
Nikamjibu, nikijiona mwerevu:
wewe walisha chiriku, chiriku wanamlisha yeye,
alizeti yako ndiyo hiyo inayoruka na kucha.
Wiki nzima hakunisemesha.

Theluji ya kwanza, Jumanne,
kitu kikagonga dirisha la jikoni.
Alikuwa chini, hatua nne toka kwangu,
mbawa kazitandaza kama hema
juu ya chiriku ambaye bado alikuwa na la kusema.
Nikabofya. Nikabofya.
Lenzi ikachagua kutazama
tone la mafuta ya viazi juu ya kioo.

Na Lempi akatoka.
Koti juu ya gauni la kulalia, ndara za manyoya,
ufagio juu, kama anayekwenda kudai kodi.
Kipanga akageuza kichwa. Kichwa tu.
Hakuruka, hakutetemeka,
alimtazama mwanamke wa miaka themanini na moja
kama unavyomtazama mtu
aliyefungua mlango unapokula.

Lempi alisema neno kwa Kifini.
Si kwangu. Sikuthubutu kuuliza baadaye.
Ufagio ukashuka wenyewe,
naye akarudi kinyumenyume, taratibu,
akikanyaga nyayo zake zilezile
mpaka kwenye lango.

Picha thelathini na moja.
Thelathini ni za tone la mafuta, na limetoka vizuri.
Moja ina jicho, manyoya mawili hewani,
na ncha za ufagio pembeni.
Mkia? Mkia umezama thelujini.
Taras anasema mraba. Halyna anasema tumwite jina lolote,
hatatusikia.

Nilimpelekea Lempi nakala, nimeiweka kwenye bahasha.
Akaitazama mlangoni, akaitazama tena.
"Ungeukata ufagio," alisema.
Nikasema nitaukata.
Sijaukata.

Asubuhi kibanda kilikuwa kimejazwa mbegu pomoni,
na kimesogezwa, sijui kwa ngazi gani,
hatua mbili karibu na dirisha langu.
Nimefuta kioo.
Nasubiri wanyamaze.