Kipande cha Shingo ya Madeje

Chini ya hadubini, shingo yake ni shamba:
mbegu chini, makapi juu,
katikati seli hupokezana neno:
ota. Ngoja. Sasa basi.

Madeje alizaliwa na ngozi isiyojiwekea kivuli.
Miaka ishirini na sita kapogoa zabibu za watu, Hombolo,
kofia ya ukili, jua likipenya mianyani,
mpaka bawabu mmoja, mdogo kuliko vumbi,
akaacha mlango wazi
na neno likabaki moja tu:
ota, ota, ota.

Naandika jibu. Kalamu inavuja.
Yeye yuko kwenye benchi nje, kofia mapajani,
ananiuliza kupitia dirisha
kama atawahi kupogoa kabla ya mvua.
Mzabibu usiokatwa, anasema, hujimaliza kwa majani.