Toa Mbili

Utepe wa mama umekatika inchi mbili za mwanzo.
Mbuzi wa jirani aliutafuna, Buyenzi,
na mama akakataa kununua mwingine.
"Pima, halafu toa mbili," alisema,
na nusu ya Bujumbura ikavaa hesabu hiyo
wala hakuna aliyebanwa kwapani.

Sasa utepe uko Al-Hamra, kwenye msumari,
ndani ya gereji ambayo gari langu halijaingia miaka sita.
Majirani huniita Zinjibari,
nami Unguja nimeiona kwa picha tu.
Nimezoea. Jina nalo ni nguo ya kupewa,
hukaa mwilini hata kama mshono si wako.

Miaka ishirini na saba nilichomea mabomba ya mafuta
kule Fahud, mabomba ambayo mtu angelala ndani akajigeuza.
Leo nachomea mabomba membamba kama mkono wa mtoto,
ukuta wake haufiki milimita moja.
Moto ukizubaa pumzi mbili, chuma kimetoboka.

Nafanya kazi usiku. Mchana wa Juni hapa
bisibisi iliyosahauliwa mlangoni huokotwa kwa kitambaa.
Kiyoyozi nakizima, upepo wake huyumbisha mwali.
Jasho linashuka puani, naliacha lishuke,
fito ya shaba inalainika, kiungo kinainywa
kama mkate wa moto unavyoinywa samli.
Hapo sipumui.
Hapo hata Raya akiniita kula, mimi si mume wa mtu.

Ghalya alikuja Januari, mwalimu wa jiografia, Bahla,
na karatasi ya hospitali mkononi:
mguu wa kushoto mfupi, sentimita mbili na nusu,
tangu gari lilipopinduka barabara ya Ibri.
"Za dukani," alisema, "zimeundwa kwa mtu
ambaye mimi sijawahi kuwa."
Raya akamsimamisha ukutani, akashika utepe,
mimi nikaandika, macho kwenye daftari,
kama zamani mama alipokuwa akiita namba
na mimi chini ya meza ya cherehani na kalamu yangu.
Nyonga mpaka kisigino. Kulia. Kushoto.
Bega mpaka kiganja.
Toa mbili. Toa mbili. Toa mbili.

Mara moja tu sikutoa.
Fremu ya kwanza kabisa, ya mwanangu Yaarub;
ipo juu ya mlango, rangi ya komamanga,
imemzidi inchi mbili. Nikamwambia, "Utaikulia."
Akakua mapana, akaenda Poland kusomea meno.
Naifuta vumbi kila Ijumaa.

Wiki tisa. Jiliwa, tupa, jiliwa, tupa.
Mdomo wa bomba naupiga tupa mpaka ubusu mwenzake,
karatasi isipate pa kupenya.
Shingo ya mbele nikailaza digrii sitini na nne,
maana njia ya kushukia Hat haina adabu,
mawe yake yamesimama kama meno yaliyomkosa Yaarub.
Mkono wa pedeli wa kushoto nikaufupisha,
pedeli yenyewe nikaivika soli nene.
Kijana mmoja wa duka la Maskati akacheka:
baiskeli kiwete!
Sawa. Imemfuata mwenyewe.

Ghalya alirudi jioni ya tatu, vumbi mpaka kwenye nyusi.
Niliuona mkwaruzo kwenye rangi kabla sijauona uso wake,
Mungu anisamehe.
"Nimeshuka mpaka Hat," alisema,
"sikuukumbuka mguu hata mara moja."
Nikatafuta la kujibu. Akaniwahi:
"Lakini inalia."

Nikaipindua, magurudumu juu.
Raya akazima kiyoyozi bila kuambiwa.
Nikazungusha pedeli kwa kidole.
Tukainama watatu, masikio karibu na chuma.

Tik. Kimya. Kimya. Tik.

"Kushoto," alisema Ghalya.
"Kushoto," nikasema,
nikatafuta spana.