Mpira Usiokuwepo

Dakika arobaini kabla ya pazia,
ukumbi wa mazoezi wa shule, Kutaisi.
Januari imeingia bila kupiga hodi
na kila anayepumua anatoa moshi.
Bomba la joto limekufa tangu Jumatano.
Mwalimu Eteri anavua koti; tunamwiga kwa kinyongo.
"Mkono wa kulia," anasema. "Nane."

Tunakung'uta. Nane, saba, sita,
kama waliochovya vidole kwenye asali na maji hakuna.
Mkono wa kushoto. Mguu. Mguu wa pili.
Kisha tunaanzia saba. Kisha sita.
Hesabu inashuka, sauti zinapanda,
hadi moja! moja! moja! moja!
na sakafu ya mbao inatetemeka nasi
na Nutsa hajui kiatu chake kimerukia wapi.

Sasa midomo: brrr, zizi zima la farasi.
Sasa uso: uwe mpana wa simba,
uwe mdogo wa zabibu kavu.
Sasa ulimi: ile kauli ya chura akoromaye majini,
yenye herufi zinazozaliwa chini ya kidakatonge,
ambazo mgeni akizijaribu hukohoa tu.
Haraka. Haraka zaidi. Mate yanaruka.
Hakuna anayeomba radhi.

Mimi usiku huu nina mstari mmoja:
"Farasi wamefika, bwana."
Nimeusema bafuni, kwenye ngazi, sokoni mbele ya jibini,
nimeusema hadi farasi wenyewe wamechoka.

Mwalimu anaokota mpira hewani.
Mwekundu, anasema, na mzito kama tikiti.
Anamrushia Lasha; Lasha anayumba.
Lasha kwa Nutsa, Nutsa kwangu, puu, kifuani,
mimi kwa Vakho,
Vakho mfalme wetu, aliyetapika mara mbili
na kukana mara tatu.
Mikono yake inachelewa.
Mpira unamponyoka.

Hakuna aliyecheka.
Tuliinama wote kumi na wanne kuutafuta,
chini ya mabenchi, nyuma ya mkeka wa sarakasi,
Mwalimu kapiga magoti na soksi zake nzuri.
Hata Tsiala mfagizi, aliyekuwa akipita na ndoo,
alisimama, akainua mguu mmoja taratibu
asije akaukanyaga.

"Si huu hapa?" akasema.
Akatua ndoo. Akaupangusa kwa aproni.
Akaurusha, na hakumrushia Mwalimu,
alimrushia Vakho.
Akaudaka. Mikono miwili. Nilisikia.

Baadaye tukashikana mabega, duara,
tukanguruma mmm kwa midomo iliyofumbwa
hadi sikujua mbavu zipi ni zangu.
Nje viti vilikuwa vikiburuzwa,
wazazi wakipukuta theluji mlangoni.
Tulipotoka kwenda kuvaa, niligeuka:
Tsiala alikuwa amerudia kupiga deki,
mbele, nyuma, mbele,
na alipofika pale ulipoangukia
akapazunguka.